Pini ya Bibi Augusta

Mgeni akikuuliza hapa mjini kwetu Bindaroo kuna nini cha kuona, usimtajie ng'ombe, maana ng'ombe wako kila mahali, wala usimtajie vumbi, vumbi atalijua mwenyewe. Mpeleke sebuleni kwa Noelene Haddow. Ukutani pale, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, pana kabati la kioo lenye taa yake ndogo juu kama la sonara, na ndani ya kabati hilo mmejaa mavi.

Usikunje pua, sijamaliza. Ni mavi yaliyogeuka mawe tangu nyika zetu hizi zilipokuwa sakafu ya bahari, na yamekaa ardhini miaka milioni mia na ushei yakimsubiri Noelene. Mna ya papa, yamejisokota kama unga uliozungushwa kidoleni. Mna ya samaki wadogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Na kwenye rafu ya katikati, juu ya kitambaa cha mahameli, yamo ya mijusi wa baharini, wale waliokuwa na mdomo mrefu na macho kama sahani. Ukiinama ukayatazama vizuri utaona magamba ya samaki waliyemla siku hiyo, meusi, yanang'aa, utadhani kaliwa jana. Noelene anaweza kukuambia kila moja alilitoa korongo gani, na siku hiyo jua lilikuwaje.

Alianza hivi hivi tu. Marehemu mumewe, Keith, alikuwa akizungukia visima vya ng'ombe, naye akamfuata na kikapu cha chakula. Wakakaa korongoni kula mkate na nyama baridi, na Noelene akahisi kitu kinamchoma matakoni. Akakitoa, akakitazama, akakigusa kwa ulimi. Huku kwetu mtu wa kuokota mabaki ya kale hufanya hivyo bila hata kufikiri: jiwe la kawaida ukiligusa kwa ulimi halina habari nawe, lakini kitu chenye mfupa ndani yake kinanata, kinakushika ncha ya ulimi hakitaki kukuachia. Lile lilinata. Keith alipomwambia kwamba ameramba mavi, Noelene alicheka mpaka akamwaga chai, na toka siku hiyo ugonjwa ukawa umemwingia.

Mji ulimpa jina kabla hata kabati halijajaa. Nolly Mavi. Mwingine angegombana na watu kwa jina kama hilo, yeye alilivaa kama nishani. Baani kwa Col Maddigan wakimtania kwamba ameingia na harufu, aliwajibu kwamba mavi yake hayanuki, kinachonuka pale ni ng'ombe wao na wao wenyewe, kisha akaagiza bia yake na kuinywa kwa raha zake. Watu wa jumba moja la makumbusho walikuja kumwomba lile jiwe kubwa la rafu ya katikati. Aliwapa chai, akawapa keki, jiwe hakuwapa. Alitembea kifua mbele mama yule, na sisi tulipenda kumwona hivyo.

Aliyeumia ni binti yake. Tegan alikuwa mtoto wa pekee, na shuleni jina la mama yake lilimfuata kama inzi. Watoto walimtilia samadi ya ng'ombe kwenye mkoba, wakamwambia ampelekee mama yake akaiweke kabatini. Hakuwa akilia mbele yao. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya kabati na kulitazama kwa chuki, saa nzima wakati mwingine. Noelene aliyaona hayo, akambembeleza, akampikia anachokipenda, lakini kabati hakulifunika, kwa sababu hakujua mtu anaoneaje haya kitu anachokipenda. Mara nyingine alikaa naye chini, akampa jiwe ashike, akamfundisha namna ya kulilaza kwenye mwanga. Mtoto alilishika, akafanya kama alivyoambiwa, akalirudisha.

Akakua, akaenda Brisbane, jiji la pwani, kusomea uuguzi, na huko akampata Lachlan Thornbury, kijana mpole, mtoto wa watu. Ukoo wake ulikuwa wa kule kusini kabisa, wenye ranchi za kondoo tangu enzi za babu wa babu zao, na nyumba inayojulikana kwa jina badala ya namba.

Harusi ilikuwa ifanyike Bindaroo. Hilo Tegan alilishikilia mwenyewe, kwa kuwa baba yake amezikwa hapa. Lakini wiki ya harusi alipofika nyumbani, kabla hata hajaweka begi chini, alisimama mbele ya kabati.

"Mama, nina ombi," alisema. "Na nakuomba usinikasirikie."

"Sema, mwanangu."

"Lifunike. Mpaka harusi ipite. Na mamake Lachlan usimwambie habari za mavi, wala za makorongo, wala chochote. Nataka siku moja tu niwe bibi harusi. Nisiwe mtoto wa Nolly Mavi."

Noelene aliumia. Aliumia kweli, na kwa kitambo alitaka kumtolea uvivu, amwambie kwamba Nolly Mavi huyo huyo ndiye aliyemlea peke yake baada ya baba kwenda. Kisha akamtazama usoni, akamwona yule mtoto wa mkoba wenye samadi. Akapiga moyo konde. Akatoa kitambaa cha mezani cha Krismasi, kile kikubwa kuliko vyote, akalifunika kabati juu mpaka chini, akazima taa yake. Akaapa kwa kaburi la Keith kwamba neno lile halitamtoka kinywani mpaka wageni wapande ndege. Alijua kilicho hatarini. Alikuwa na binti mmoja tu, ambaye tayari simu zake zilikuwa za kuhesabika, na ambaye akiaibishwa siku ya harusi yake angekwenda zake kusini asirudi tena.

Hakuishia hapo. Alishuka mpaka baani akawaambia wote kwamba wiki hii yeye ni Bi Haddow, na atakayemwita vinginevyo wasijuane tena. Col alilalamika kwamba kuzuia mafuriko ya Februari kungekuwa rahisi kuliko kuifunga midomo ya Bindaroo, lakini akaahidi. Na mji ulijitahidi, hatuwezi kukataa. Watu walipishana naye dukani wakimwamkia kwa adabu nyingi mpaka akaanza kujiona kama mgonjwa.

Rosalind Thornbury, mamake Lachlan, aliwasili Alhamisi kwa ile ndege ndogo, mrefu, mkavu, kofia kichwani na lulu shingoni katika joto lile. Noelene alikuwa amejiandaa kumchukia, ikashindikana. Mama yule aliketi sebuleni, akala skonzi na jamu, akaomba nyingine, akajipepea kwa kofia yake bila kulalamika. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa na mababu wengi, na kila mmoja alikuwa na kisa chake. Alipouliza ni nini kile kilichofunikwa ukutani, Noelene alimwambia ni vyombo vya marehemu. Tegan alimshukuru kwa macho.

Baada ya chai ya pili Rosalind alifungua mkoba wake akatoa kijisanduku. Alisema limebaki suala la kitu cha zamani. Bibi harusi wetu hatoki nyumbani bila vitu vyake vinne, cha zamani, kipya, cha kuazima na cha buluu, na katika ukoo wa Thornbury kitu cha zamani ni kimoja tu, pini ya kifuani ya Bibi Augusta. Kila aliyeolewa katika ukoo ule ameivaa. Augusta mwenyewe aliliokota jiwe lake alipokuwa msichana, chini ya majabali ya pwani moja huko Uingereza, akalipeleka kwa sonara likasuguliwa na kuzungushiwa dhahabu, akavuka nalo bahari kuja kuolewa huku.

Tena kulikuwa na kituko kimoja, Rosalind alisema. Augusta hakuivaa pini ile ovyo. Aliivaa gavana akija kula chakula nyumbani, au askofu. Na katikati ya chakula, askofu akiisifu, Augusta alikuwa akiishika na kucheka peke yake mpaka machozi yanamtoka. Wanawe walimwuliza anacheka nini, wajukuu wakamwuliza, hakusema. Alikufa na kicheko chake. Rosalind alikisimulia kisa hicho kwa fahari, na kwa uchungu kidogo pia, maana alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu cha watu wake na hicho kilikuwa kimemshinda.

Akampa Noelene pini aishike.

Hapo ndipo Noelene alipofanya kosa ambalo mtu asiye na ugonjwa wake hawezi kulifanya. Jiwe lilikuwa la kahawia, laini kama peremende, na ndani yake madoa meusi yamejipanga. Mkono wake ukaligeuza wenyewe. Kwa nyuma sonara hakuwa amelisugua, alikuwa ameliacha wazi na ukavu wake. Na mbele ya mkwe wake, vikombe vizuri vikiwa mezani, Noelene alitoa ulimi akaligusa.

Lilinata.

Tegan alikuwa amepauka. Rosalind aliweka kikombe chini polepole. Na Noelene, pini mkononi, alijua alichokishika. Alimjua mnyama, alijua alikula nini, alijua hata kwa nini Augusta alikuwa akicheka, na maneno yakamjaa kinywani mpaka akaona yatamwagika. Akayameza. Akasema amsamehe, huku nyikani vumbi ni jingi, watu wamezoea kuyaonja mawe kabla ya kuyatazama, ni ushamba tu. Yeye, Noelene Haddow, aliyewanyima jiwe watu wa makumbusho, alijiita mshamba mbele ya kitu anachokijua kuliko mtu yeyote mjini. Rosalind akasema si neno, mama yake mzazi alikuwa akizungumza na farasi, akairudisha pini ndani ya kijisanduku na kukiacha mezani.

Jikoni, maji yakifunguliwa ili wasisikike, Tegan alimgeukia mama yake.

"Uliniahidi."

"Sijasema kitu."

"Hujasema. Umeiramba pini ya watu!"

Ijumaa Noelene alishinda kwenye ukumbi wa harusi akifunga riboni na kupanga viti, na moyoni mwake mna vita. Akinyamaza, binti yake atapita mbele ya mji mzima na mavi kifuani bila kujua, na siku yatakapojulikana, maana mtu mwenye macho hakosi kutokea, Tegan ataona mama alijua akamcheka chini chini. Akisema, amevunja kiapo, ameiharibu siku, na amemwaibisha mama aliyembebea bibi harusi kitu cha thamani kuliko vyote alivyo navyo. Alipita makaburini akamwuliza Keith, akang'oa magugu, akarudi kwenye riboni zake.

Na chini ya wasiwasi huo wote, kusema kweli, kulikuwa na fahari inayochemka kama birika. Ukoo ule wenye nyumba ya jina umekuwa ukivalia mavi harusi zake zote, umeyaweka kwenye dhahabu, umeyarithisha mtoto kwa mjukuu, na aliyekuwa anajua ni Augusta peke yake, na sasa ni yeye. Alijikuta anatabasamu juu ya ngazi, riboni mdomoni. Angempenda sana Augusta yule. Lakini aliposhuka alikuwa amekwishaamua kwamba atanyamaza, maana ameapa.

Jumamosi asubuhi alikuwa chumbani kwa Tegan akimfunga vifungo vya mgongoni. Kitu kipya kilikuwa gauni, cha kuazima hereni za rafiki yake, cha buluu kautepe kalikoshonwa ndani ya pindo. Ilibaki pini. Tegan alikuwa amesimama dirishani, akakifungua kijisanduku, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuishika kwa mkono wake. Noelene alijifanya anashughulika na vifungo. Kwa pembe ya jicho akamwona binti yake anaipeleka kwenye mwanga. Hakuiinua juu kama watu wanavyotazama pete, aliilaza, mwanga ukaipita ubavuni, vile vile alivyofundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akamwona anaigeuza. Vidole vya Noelene vikasimama kwenye kifungo.

Tegan akatoa ulimi.

Pini ikamshika ncha ya ulimi. Kisha akaitoa akaitazama tena.

"Haya ni magamba," alisema. "Mama, haya ni magamba ya samaki."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ya mjusi wa baharini. Kama yale ya rafu ya katikati."

"La kwao ni la zamani kuliko ya kwetu," Noelene alisema, ameshindwa kujizuia. "Lakini ndiyo."

"Ulijua tangu Alhamisi."

"Nilijua."

"Ukanyamaza. Ukajiita mshamba."

"Si uliniomba."

Tegan aliketi kitandani na gauni lake lote, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanamtikisika. Noelene akakimbilia leso, wanja usije ukamharibu uso. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kifungo kimoja kikaachia, halafu akalia kweli, akamshika mama yake mkono, akamwambia kwamba miaka yote ile alipokaa mbele ya kabati alidhani analichukia tu, kumbe macho yalikuwa yanasoma. Noelene alihisi fahari imemjaa. Hakuna jiwe hata moja, hata lile kubwa, lililowahi kumfanya ajisikie hivyo.

"Macho hayo ni yangu," alisema.

"Na ulimi," Tegan alisema.

Akasimama, akajipangusa, akaibandika pini mwenyewe upande wa moyo. Kuhusu kusema au kutosema hakugusia kitu, na Noelene hakuuliza. Kwa upande wake kiapo kilikuwa bado kinasimama.

Walifunga ndoa kanisani, kisha tukajaa wote ukumbini. Ukumbi wetu ni wa mabati, na mapanga ya feni yanazungusha joto lile lile, lakini siku hiyo ulikuwa umependeza. Palikuwa na kondoo wa kuokwa, saladi ya viazi, na keki zile za povu la mayai na matunda ambazo kila mwanamke wa Bindaroo anaamini za kwake ndizo keki. Col Maddigan ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na tai yake ilimkaba kama adhabu. Alimwita mama wa bibi harusi aseme machache. Noelene alimzungumzia Keith, akaizungumzia mvua iliyonyesha siku Tegan alipozaliwa, akamkaribisha Lachlan, akakaa. Hotuba ilikuwa safi, na ilikuwa kavu. Sisi tuliomjua tulimtazama mtu ambaye siku nyingine angetuchekesha mpaka tuombe maji, na tukasikitika.

Kisha akasimama Rosalind. Aliwasimulia watu habari za Augusta na pini yake, magavana, maaskofu, kicheko. Akasema familia yao haijawahi kujua lile ni jiwe gani. Mama yake alisema ni akiki, shangazi yake akasema ni mti uliogeuka jiwe, na wazee wote hao wamekufa wanabishana. Halafu akamgeukia Noelene kwa upole mwingi.

"Lachlan ananiambia wewe, mkwe wangu, ni mtu wa mawe. Tusaidie. Lile ni jiwe gani?"

Hakuna aliyetafuna. Baa nzima ilikuwa imekaa pale, wiki nzima wameuma ndimi zao, na Col alikuwa ameishika glasi karibu na mdomo hanywi. Noelene alisimama. Alifungua kinywa, akamtazama binti yake, akakifunga. Akakitafuta kitu cha kusema ambacho si uongo.

"Mwanga wa humu," alisema kwa sauti ndogo, "si mzuri sana."

"Mwanga unatosha, Mama."

Tegan alikuwa amesimama. Aliwaambia watu kwamba mama yake hatasema, kwa kuwa yeye ndiye aliyemkataza. Alimwomba alifunike kabati lake, akalifunika. Alimwomba anyamaze, akanyamaza hata pale ambapo kila mfupa wake ulitaka kusema. Aliyaomba hayo kwa sababu aliona aibu, alisema, na aibu ile sasa inamwaibisha.

"Kwa hiyo nitasema mimi," alisema. "Mama Rosalind, hili ni mavi."

Kijiko cha mtu kilianguka. Tegan hakusita. Aliwaeleza bahari ya zamani ile, na mjusi mwenye mdomo mrefu na macho kama sahani, na samaki aliyemezwa mzima mzima na magamba yake, na tope laini lililoyafunika yale mavi kabla hayajatawanyika. Akawaambia kwamba katika vitu elfu vinavyoangushwa duniani, kimoja tu kinabahatika kugeuka jiwe, na kwamba anayekishika anakuwa ameshika mlo wa siku moja ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Yalikuwa maneno ya Noelene, neno kwa neno, na mikono ilikuwa inakwenda kama ya Noelene. Mama yake aliushika mgongo wa kiti akimsikiliza, na alijiona kama miguu yake haigusi sakafu.

"Mtaniuliza nimejuaje," Tegan alimaliza. "Mimi ni mtoto wa Nolly Mavi."

Watu wa kusini walimtazama Rosalind. Lachlan alikuwa ameinuka nusu, hajui aende kwa mama au kwa mke. Rosalind aliiacha meza yake, akatembea mpaka kwa bibi harusi, akainama na kuitazama pini kwa karibu kama hajawahi kuiona. Lulu zake zilining'inia.

"Aliliokota mwenyewe," alisema polepole. "Kwa hiyo alijua."

"Alijua," Noelene alisema.

"Kila gavana." Sauti ya Rosalind ilianza kucheza. "Kila askofu aliyeinama kuisifu."

Kicheko kikamtoka. Kilianza kama kikohozi, akajaribu kukizuia kwa mkono, kikapita kati ya vidole, na mara mama yule mkavu alikuwa ameegemea meza ya keki anacheka machozi yakimtiririka. Tuliokuwa pale tulikisikia kile kicheko kilichozikwa miaka yote hiyo. Alipopata pumzi, akamwomba Tegan pini, akaigeuza, akamfuata Noelene.

"Ile Alhamisi," alisema, "ulifanyaje?"

Noelene akamwonyesha. Ncha tu, alimwambia, na usiibonyeze, iache ikushike yenyewe. Na Rosalind Thornbury, mbele ya ukoo wake na mbele ya Bindaroo yote, alitoa ulimi akaligusa jiwe la Bibi Augusta.

"Linanata," alisema.

Kelele zilizofuata zilitikisa mabati. Col alipanda juu ya kiti akauliza kama sasa inaruhusiwa, Noelene akamwambia aseme tu kabla hajapasuka, na jina la Nolly Mavi, lililofungiwa wiki nzima, likaitwa na ukumbi mzima.

Jua halijazama bado, wageni wa kusini walikuwa wamejazana sebuleni kwa Noelene na viatu vyao vizuri. Tegan, na gauni lake vile vile, alikivuta kitambaa cha Krismasi, akawasha taa, akaanza kuwaeleza rafu baada ya rafu, Rosalind akiwa mbele kabisa anauliza maswali. Noelene alikaa kwenye kiti cha Keith na kikombe cha chai, akasikiliza. Binti yake alikosea jiwe moja tu, alisema ni la samaki mdogo na kumbe ni la papa, na Noelene akamwachia.